Freeciv: miji mitano mizuri, halafu kila mara naangamizwa karibu na zamu ya 120. Nakosea wapi?

Daftari_la_Zamu aliandika:

Wakuu, salaam kwenu nyote. Naomba msaada kwa wanaoifahamu Freeciv, ile gemu ya kompyuta ya kujenga himaya zamu kwa zamu, kwa undani, maana nimefika mahali siwezi kujinasua peke yangu.

Natumia toleo la 3.0 kwenye laptopu ya zamani, kanuni nilizochagua ni zile za "classic", wapinzani watano wa kompyuta, kiwango cha kawaida. Nimecheza gemu nne mpaka mwisho. Zote nne nimepoteza, na zote nne kwa namna inayofanana mno hata naanza kuamini kuna kitu kimoja tu nisichokijua. Nina tabia ya kuandika kila gemu kwenye daftari, zamu kwa zamu, kwa hiyo nitawapa mambo yalivyokwenda badala ya kusema tu "nimeshindwa".

Gemu la nne, ambalo ndilo limeniuma zaidi:

Zamu ya 1 nilipewa walowezi wawili, wafanyakazi wawili na mpelelezi mmoja, kama kawaida. Nikaweka mji mkuu palepale, mto ukiwa ubavuni. Mlowezi wa pili nilimtembeza zamu sita kutafuta mahali pazuri, nikaweka mji wa pili pwani penye samaki. Nilihakikisha miji haigusani kabisa: kila mji uwe na miraba yake yote 21, yaani vipande vya ramani ambavyo raia wake wanaweza kulima, bila kugombania hata mmoja na jirani. Kufikia zamu ya 60 nilikuwa na miji minne, zamu ya 74 wa tano, na hapo ardhi nzuri ikawa imeisha kwa sababu jirani wa bluu alikuwa ameshajaza sehemu iliyobaki.

Zamu ya 85 nilimaliza Piramidi. Zamu ya 103 nikamaliza Hekalu la Artemi. Miji yangu ilikuwa mikubwa na mizuri, mashamba yamemwagiliwa pande zote, barabara zimekamilika. Nilikuwa naiangalia ile ramani kwa furaha ya kweli.

Zamu ya 105 nikasaini mkataba na jirani wa bluu. Tulikuwa hatujapigana hata mara moja, lakini nilitaka amani iandikwe rasmi. Akakubali mara moja. Nikawaondoa askari kwenye mji wa pwani nikawapeleka upande wa kaskazini kulikokuwa na washenzi.

Zamu ya 121 zikaja merikebu tatu za bluu. Mji wa samaki ukaanguka zamu ileile. Hakutuma onyo, hakudai chochote, hatukuwa na ugomvi.

Nikakusanya jeshi la kuukomboa: katapulti sita (mitambo ya kurusha mawe), wapanda farasi wawili na falanksi mmoja (askari wa miguu wa ulinzi) wa kuwalinda. Nilitumia zamu kumi na mbili na hazina yote kulijenga. Nikaliweka lote kwenye mraba mmoja nje ya mji, tayari kushambulia zamu inayofuata. Akatoka tembo mmoja. Tembo mmoja tu! Akapigana na falanksi wangu, akamshinda, na vikosi vyote tisa vikatoweka kwenye ramani kwa pigo lile moja. Nilikaa kimya mbele ya kioo kwa muda mrefu.

Nimerudi kwenye daftari kuangalia gemu la pili. Mkataba zamu ya 88, kuvamiwa zamu ya 105. Gemu la tatu sikusaini chochote na mtu, nikavamiwa zamu ya 97.

Maswali yangu: kwa nini jirani anavunja mkataba bila sababu? Kwa nini vikosi tisa vife kwa pigo moja? Na je, miji mitano iliyojengwa vizuri kweli haitoshi? Naipenda sana gemu hii na sitaki kushusha kiwango cha wapinzani. Nataka kuelewa.

---

Nahodha_Msafiri alijibu:

Mkuu, asante kwa daftari, maana bila hilo nisingeona. Toa 105 kwenye 121. Umepata ngapi? Kumi na sita. Toa 88 kwenye 105: kumi na saba. Jibu la swali lako la kwanza lipo humo.

Hukusaini amani. Ulisaini kusitisha mapigano. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na gemu inavitofautisha kwa ukali. Kwa mipangilio ya kawaida mataifa yote yanaanza yakiwa vitani, hata kama hamjawahi kuonana. Ndiyo maana ulidhani "hatukuwa na ugomvi": kwa hesabu ya gemu mlikuwa vitani tangu zamu ya kwanza. Kusitisha mapigano kunadumu zamu 16 tu. Zikiisha kabla hamjasaini mkataba wa amani, mnarudi vitani moja kwa moja, bila mtu yeyote kuvunja chochote. Jirani wako hakukusaliti. Muda ulikwisha, naye akakuta mji wa pwani hauna askari.

Mpangilio sahihi ni huu. Kwanza badilishaneni ubalozi, kwa sababu mchezaji wa kompyuta hataki kuzungumza mambo mazito na mtu asiyekuwa na ubalozi kwake. Kisha kusitisha mapigano. Kisha, ndani ya zile zamu 16, fungua tena dirisha la mikataba uombe amani. Akikataa, omba tena baada ya zamu tatu nne, usinyamaze. Akikubali mtaingia kipindi cha mpito cha zamu 16 nyingine kabla amani yenyewe haijaanza. Na amani ikianza, vikosi vya vita vilivyo ndani ya mipaka ya mwenzio vinarudishwa kwao kwa nguvu, kwa hiyo waondoe mapema askari wako walioko kule, wasije wakatupwa usikotaka.

Faida kubwa ya amani halisi ni kwamba anayetaka kuivunja hawezi kukurukia siku hiyohiyo. Akishatangaza, zinapita zamu 16 kabla vita haijaanza. Zamu 16 zinatosha kujenga ukuta na kununua askari.

Soma pia ule ujumbe wa chini kila zamu. Gemu huwa inaonya kwamba kusitisha mapigano kunakaribia kuisha. Wengi tunaufunga bila kuusoma kwa sababu umechanganyika na habari za "mji fulani umemaliza ghala".

---

Daftari_la_Zamu aliandika:

Nimeshtuka. Nimerudi kwenye gemu lililohifadhiwa la zamu ya 119, nikapitia ujumbe mmoja mmoja. Upo. Umeandikwa wazi kabisa kwamba muda unakaribia kuisha. Nimeupita mara mbili.

Asante sana, Nahodha.

---

Mzani_wa_Vita alijibu:

Nijibu la vikosi tisa.

Hii ni kanuni ya msingi na watu wengi huijua kwa machozi. Nje ya mji au ngome, mraba wenye vikosi vingi hulindwa na kikosi kimoja tu, kile chenye ulinzi bora. Kikishindwa, vyote vilivyomo vinakufa pamoja nacho. Falanksi ana ulinzi wa 2. Tembo ana shambulio la 4. Uwanja wa wazi, falanksi wako alikuwa hajajichimbia. Matokeo yalishajulikana kabla pambano halijaanza.

Sasa angalia upande wa pili, yaani kama tembo asingetoka. Falanksi ndani ya mji anapata nyongeza ya nusu kwa kujichimbia: 2 inakuwa 3. Mji ukiwa na ukuta, dhidi ya vikosi vya nchi kavu unaongeza asilimia mia: 3 inakuwa 6. Katapulti yako ina shambulio la 6. Sita kwa sita! Kila raundi ya pambano inaamuliwa kwa uwiano wa namba hizo mbili, na wote wawili wana uhai wa 10. Ni sawa na kurusha sarafu. Katapulti sita dhidi ya falanksi watatu nyuma ya ukuta, ungepoteza kadhaa, na zitakazobaki zina ulinzi wa 1 kila moja. Mji ukiwa juu ya kilima, hata hiyo nusu huipati.

Kwa hiyo usiweke kambi kwenye uwanda. Tafuta kilima au msitu karibu na mji, peleka walinzi wawili kwanza wajichimbie zamu moja, ndipo katapulti ziingie. Au bora zaidi, fika na upige zamu ileile kwa kupitia barabara, ili adui asipate zamu ya kukujibu. Na kama mji hauna ukuta, usisubiri kukusanya tisa. Tatu zilizofika leo zina thamani kuliko tisa zitakazofika baada ya zamu kumi na mbili, maana ndani ya hizo zamu kumi na mbili adui naye anajenga ukuta.

---

MamaWaMiji alijibu:

Mdogo wangu, nimesoma maelezo yako taratibu, mara mbili. Walionitangulia wamesema kweli tupu. Lakini hata ungesaini amani vizuri na hata katapulti zako zingepona, ungeshindwa tu, pengine zamu ya 180 badala ya 121. Niruhusu niseme kwa nini, kwa sababu nilikaa kwenye kosa lako hilohilo muda mrefu sana, tangu nilipoanza na toleo la 2.

Umeandika: "kila mji uwe na miraba yake yote 21 bila kugombania." Hapo ndipo penye shida yote.

Mji usiokuwa na mfereji wa maji haukui kupita raia 8. Raia 8 wanafanya kazi kwenye miraba 8, na mraba wa katikati ya mji unafanya kazi wenyewe bila kuhitaji mtu. Jumla miraba 9. Kwa zamu mia moja za mwanzo, mji wako mzuri kuliko yote unatumia miraba 9 kati ya 21. Ile 12 iliyobaki umeilinda, umeijengea barabara, umeimwagilia, na hakuna anayeilima. Ukiwa na miji mitano, hiyo ni miraba sitini imelala. Jirani wa bluu alikuja kukaa kwenye ardhi uliyomwachia.

Sasa angalia ule mraba wa katikati unaofanya kazi bure. Mji wa raia 8 unalima miraba 9. Chukua raia walewale 8, wagawe kwenye miji minne ya raia wawiliwawili: kila mji unalima miraba mitatu, jumla 12. Watu ni wale wale, ardhi ni ile ile, na umepata theluthi zaidi ya mavuno kwa sababu tu una katikati nne badala ya moja.

Halafu kuna utulivu. Kwenye kanuni za classic raia wanne wa kwanza wa kila mji huzaliwa wakiwa wameridhika, wa tano ndiye anayeanza kulalamika. Mji wako wa raia 8 una walalamikaji wanne unaopaswa kuwatuliza kwa hekalu, kwa anasa, kwa Artemi wako. Ile miji minne midogo haina mlalamikaji hata mmoja. Ulijenga ajabu la dunia kuponya ugonjwa uliojipa mwenyewe. Nasema hivi kwa upendo, kwa sababu mimi pia nilijenga Artemi gemu baada ya gemu nikijiona mtawala mwema.

Ninavyofanya siku hizi: mlowezi wa kwanza anaweka mji zamu ya 1, wa pili hatembei zaidi ya zamu mbili. Samaki wasikutoe njiani. Zamu sita ulizomtembeza yule mlowezi ni zamu sita ambazo mji haukuwepo, na mji huo ungekuwa umeshazaa mlowezi wake. Miji naiweka kwa umbali wa miraba mitatu, yaani kati ya mji na mji inabaki miwili mitupu. Inagombania ardhi, ndiyo, na haidhuru, kwa sababu hakuna wa kuilima yote. Kila mji mpya unatengeneza askari mmoja wa kwanza, gharama 10 za uzalishaji, kisha walowezi, gharama 30, kisha walowezi tena. Kumbuka mlowezi anachukua raia mmoja anapotoka, kwa hiyo mji lazima ufike raia wawili kwanza. Ukiona uzalishaji unamaliza kabla ya raia kuzaliwa, weka askari katikati ili usipoteze zamu.

Sijengi hekalu, sijengi ghala, sijengi ajabu lolote mpaka ardhi ya bure iishe. Miji kumi na miwili kufikia zamu ya 70 ni lengo ambalo mtu akiwa makini analifikia kwenye ramani ya kawaida.

Jambo la mwisho, kuhusu mashamba yako yaliyomwagiliwa pande zote. Uliendelea na Utawala wa Mabavu, ile serikali ya kuanzia, mpaka zamu ya ngapi? Hujaandika, na ninaogopa jibu lake. Chini ya serikali hiyo mraba wowote unaotoa zaidi ya 2 ya kitu chochote unapunguziwa 1. Nyasi zinatoa chakula 2. Ukizimwagilia zinatoa 3, serikali inachukua 1, zinabaki 2. Wafanyakazi wako walihangaika zamu nyingi kwa faida ya sifuri. Tambarare ndizo zinazofaa kumwagiliwa mapema, kwa sababu zinatoka 1 kwenda 2.

---

Daftari_la_Zamu aliandika:

Dada, nimefungua daftari. Nilibadilisha serikali zamu ya 111.

Nimehesabu pia wafanyakazi. Kati ya zamu ya 20 na ya 90 walimwagilia miraba 19. Kumi na minne kati ya hiyo ni nyasi.

Naanza gemu la tano leo usiku.

---

Fundi_wa_Maajabu alijibu:

Nakubaliana na mengi aliyosema dada hapo juu, ila naomba Daftari asiondoke hapa na imani kwamba maajabu ya dunia, kama Piramidi, hayana kazi. Wapo tunaocheza kwa kanuni za civ2civ3, ambazo ndizo zinazokuja zenyewe kwenye matoleo ya 3 usipochagua nyingine, na huko mambo yanabadilika: eneo la mji linapanuka kadiri raia wanavyoongezeka, mji mkuu unapewa nguvu ya pekee chini ya Utawala wa Mabavu, na himaya ndogo iliyopangwa vizuri inaweza kupumua. Mimi huwa na miji minane au tisa na nashinda kwa chombo cha anga.

Kwenye classic, sawa, miji mingi kwanza. Lakini ukishakuwa nayo kumi na miwili, misafara kutoka miji yote inaweza kwenda kusaidia ajabu moja katika mji mmoja. Ajabu lililokuchukua zamu arobaini ukiwa na miji mitano litakuchukua kumi au pungufu. Kwa hiyo hujakatazwa Piramidi, umeambiwa tu usubiri.

Na kwa kununua: usinunue kitu zamu ileile ulipokianza. Jengo ambalo halijapata hata kipande kimoja cha uzalishaji linauzwa mara mbili. Mfano jengo la gharama 30: likiwa tupu, dhahabu 210. Ukiliacha likusanye 10 kwanza, lililobaki ni 20, bei inashuka hadi 60. Bei hupanda kwa kasi kadiri sehemu iliyobaki inavyokuwa kubwa, kwa hiyo ni nafuu kununua vipande vidogo kwenye miji mitatu kuliko kitu kizima kwenye mmoja.

---

Daftari_la_Zamu aliandika:

Wakuu, nimerudi. Siku nne zimepita. Nimefika zamu ya 92 ya gemu la tano na nimeandika kila kitu, ila nitawapunguzia.

Mlowezi wa pili aliweka mji zamu ya 3. Mahali penyewe pa kawaida tu, nyasi na msitu kidogo. Iliniuma kuuacha ufuo wenye nyangumi niliouona zamu ya 5, lakini nikaufikia baadaye kwa mji wa saba. Zamu ya 40 nilikuwa na miji sita. Zamu ya 58, tisa. Zamu ya 71, kumi na mitatu! Katika gemu zote nne zilizopita sijawahi kupita sita.

Nilienda Ufalme mapema: alfabeti, sheria, mazishi ya heshima, kisha Ufalme. Zamu ya 49 nikawa nimeshatulia baada ya kipindi cha machafuko. Wafanyakazi hawakugusa nyasi mpaka hapo. Walijenga barabara kati ya miji, na zimenisaidia kuliko nilivyotegemea, maana askari mmoja sasa analinda miji miwili.

Tatizo lililojitokeza: mji wa kumi na tatu ulipozaliwa, zamu iliyofuata miji mitatu ya zamani ikaingia kwenye ghasia kwa mpigo. Miji hiyo haikuwa imekua. Raia walikuwa wanne tu kila mmoja, na dada alisema wanne wa kwanza huridhika. Nimeongeza anasa, ile sehemu ya kodi ya kuwafurahisha raia, mpaka asilimia 20, ghasia zimeisha, lakini sayansi imeshuka na nasikia uchungu kuitazama. Je, nimezidisha miji?

---

MamaWaMiji alijibu:

Hongera sana, mdogo wangu. Kumi na tatu kwa zamu ya 71 ni kazi ya mtu aliyesikia.

Hujazidisha. Umevuka mstari wa ukubwa wa himaya. Kila serikali ina idadi ya miji inayoibeba kwa utulivu. Ukiivuka, kila mji katika himaya nzima unapoteza raia mmoja aliyeridhika, anakuwa mlalamikaji. Ukiendelea kuongeza, ukifika hatua inayofuata, anaongezeka mwingine. Ndiyo maana miji ya zamani iliasi kwa kosa la mji mchanga. Fungua Msaada, ukurasa wa serikali, soma maelezo ya Ufalme mpaka chini: utakuta idadi yenyewe imeandikwa. Iandike kwenye daftari lako kabla ya kutuma mlowezi mwingine, kwa serikali uliyopo na kwa ile unayotaka kwenda.

Kuhusu dawa, anasa kwa himaya nzima ni ghali, kwa sababu unailipia miji kumi na mitatu ili kutuliza mitatu. Uko kwenye Ufalme, basi tumia walinzi. Kila askari wa vita aliye ndani ya mji anatuliza mlalamikaji mmoja, mpaka watatu kwa mji. Wale askari wa gharama 10 uliowatengeneza mwanzo wanafaa kabisa kwa kazi hii. Ingiza mmoja kwenye kila mji kati ya hiyo mitatu, rudisha anasa kwenye sifuri, uone. Ukikosa askari kwa zamu moja, fungua dirisha la mji, bonyeza mraba mmoja unaolimwa: yule raia anaacha shamba na kuwa mtumbuizaji, analeta anasa 2 kwa mji huo peke yake. Anasa 2 zinampandisha raia mmoja daraja. Ni nafuu kuliko kodi ya nchi nzima.

Usiuache mji kwenye ghasia hata zamu moja kwa makusudi. Mji wenye ghasia hauleti kodi, hauleti sayansi, na kazi ya karakana inasimama.

Sasa ndio wakati wa mahekalu. Anza na miji mikubwa.

---

Mzani_wa_Vita alijibu:

Nyongeza fupi tu. Huo utaratibu wa walinzi ni wa Ufalme. Ukihamia Jamhuri hawatatuliza mtu, na kila kikosi cha kushambulia utakachopeleka nje ya mipaka kitazaa mlalamikaji nyumbani kwake. Kwenye Demokrasia wanakuwa wawili kwa kila kikosi. Kwa hiyo kama una nia ya kumrudia huyo wa bluu, fanya hivyo ukiwa bado Mfalme.

---

Daftari_la_Zamu aliandika:

Nimefanya alivyosema dada. Askari watatu, mji mmojammoja, anasa sifuri. Ghasia hakuna. Sayansi imerudi asilimia 60.

Jirani safari hii ni wa kijani. Ubalozi tulibadilishana zamu ya 66. Kusitisha mapigano zamu ya 80. Niliandika "96" kwa kalamu nyekundu juu ya ukurasa ili nisiisahau. Niliomba amani zamu ya 83 akakataa, 87 akakataa, 91 akakubali. Kipindi cha mpito kitaisha zamu ya 107, na nimeshawarudisha nyumbani falanksi wawili waliokuwa upande wake wa mto.

Wa bluu yuko ng'ambo ya bahari, bado tuko vitani naye kwa hesabu ya gemu. Nimeweka ukuta kwenye miji miwili inayotazama maji na falanksi wawili kila mmoja. Mmoja wa miji hiyo uko kilimani.

Nitaandika tena zamu ya 130, nikiwa bado nina miji.

---

Nahodha_Msafiri alijibu:

Mtafutie wa bluu ubalozi kabla hajakutafuta yeye. Merikebu moja yenye kikosi kimoja tu cha kumfikia, ukipata mawasiliano fungua dirisha la mikataba siku hiyohiyo. Lakini merikebu za zamani zisiende mbali na pwani, fuata ufuo hata kama njia ni ndefu mara mbili.

---

Daftari_la_Zamu aliandika:

Zamu ya 133. Miji kumi na sita. Merikebu za bluu zilionekana zamu ya 118, mbili, zikazunguka mbele ya mji wa kilimani zamu tatu, zikaondoka bila kushusha mtu. Tumesaini kusitisha mapigano zamu ya 126. Kwenye daftari nimeandika 142.

Piramidi nimeanza kuzijenga jana. Misafara minne imeshaingia.